Mukhisa na Kuni za Matanga

Mume wangu Mukhisa anakata kuni na mbao kwa pawa, ule msumeno wa injini ambao mtu akiuwasha ng'ambo ya mto unafikiri uko nyuma ya nyumba yako. Tunaishi Tuwan, hapa Kitale, chumba kimoja. Pawa inalala kwa kona imefunikwa na gunia, mbali na jiko, kwa sababu hataki petroli na moto vijuane. Mtoto wetu Derrick alipoanza kutambaa, alifundishwa kwamba gunia hilo haliguswi kabla hajafundishwa kusema baba.

Mukhisa mwenyewe alizaliwa sehemu inayoitwa Kwanza, kwa watu wa mahindi. Shule ilipomshinda karo akaenda kubebea magogo mzee mmoja wa mbao aliyeitwa Gachanja. Huyo Gachanja alikuwa na kovu lililotoka kwa sikio likashuka mpaka kidevu. Hakuwahi kulizungumzia. Kijana akisogea karibu na mashine ikiwa inalia, mzee anazima, anashika lile kovu na kidole, anamwangalia tu. Mukhisa anasema hiyo ndiyo hotuba yote aliyowahi kupewa kuhusu kazi, na bado anaisikia.

Basi akawa mtu wa taratibu zake. Kabla ya kukata, anazunguka gogo, analipiga teke, anachungulia limelalia nini. Likiwa kwa mteremko analikinga na mawe. Pawa haiwashi ikiwa inaning'inia mkononi kama wale vijana wa kujionyesha. Anaiweka chini, anaingiza kiatu kwa mshikio wake wa nyuma, ndiyo anavuta kamba. Breki ya cheni, ile wenzake wanafungua wanatupa ati inasumbua, yeye huijaribu kila asubuhi. Anavaa gambuti zenye chuma kwa vidole, jinzi mbili moja juu ya nyingine, na kofia ngumu ya mtumba yenye wavu wa kufunika uso. Na kitu chochote chenye uhai kikimkaribia, mtu, mbwa, hata kuku, anazima.

Hiyo kuzima ndiyo imetukosesha amani. Wenye kuni hawaipendi.

"Wewe ni fundi ama ni swichi?" mama mmoja wa hapa Tuwan alimuuliza siku nimempelekea Mukhisa chai kazini. "Washa, zima, washa, zima. Mafuta yote inaishia kwa kamba!"

"Mtoto wako alikuwa anakuja huku, mama."

"Mtoto wangu ana macho!"

Mukhisa humalizia kuni zao. Anarudi nyumbani, ananawa mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu ulioko, na mimi nikiona vile anavyonawa najua siku ilikuwaje.

Mwaka huu kuka, babu yangu mzaa baba, akafariki. Kwetu ni upande wa Bungoma, chini ya Cheptais, mahali ambapo mlima unaanza kukufanya upumue kwa mdomo. Msiba kama huo unataka kuni, si mzigo wa kichwani bali mti mzima, maana watu wanakula na kunywa chai hapo mpaka siku ya mazishi na baadaye. Baba mdogo Wabwile, ndugu ya baba na msimamizi wa matanga, akapiga simu.

"Mwambie huyo mkwe wetu asikuje mikono mitupu. Akuje na mashine."

Mukhisa alifurahi. Mkwe akiitwa kusaidia kwa matanga, hiyo ni heshima. Lakini alipokuwa akinoa cheni, jino moja baada ya lingine kwa tupa ile nyembamba ya mviringo, nilimwona anasimama mara kwa mara.

"Mama yako atakuwa hapo nje?" akauliza.

"Sasa atakuwa wapi? Ni yeye mkubwa wa jikoni."

Akarudi kunoa.

Lazima nieleze hapa. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaogopana kwa heshima. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawaangaliani usoni. Wakikutana kwa kijia, mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni mimi. Mama yangu, Bilha, ni mkali sana kwa mambo hayo. Tangu nimeolewa hajawahi kuliona jicho la Mukhisa, na anajivunia hivyo.

Nilipomwambia Mukhisa kwamba itakuwa vigumu, akashika kofia yake na kucheka. "Nikiteremsha hii wavu, sina uso. Mama atapita vile anataka na mimi sitahitaji kugeuka. Hii kofia imetengenezwa na watu wenye wakwe."

Tulifika tukakuta mti umeshaangushwa, mkaratusi mkubwa umelala kando ya ua, matawi yamerundikwa juu yake na chini yake kama kiota. Ndugu yangu Tonny alikuwa ameketi juu ya gogo akitafuna muwa.

"Niaje, mulamwa, shemeji yangu! Umekuja kutuokoa na shoka?"

"Sasa, Tonny. Nani ameweka hizi matawi hapa?"

"Si vijana walikuwa wanasafisha."

"Kusafisha ni kuzitoa."

Mukhisa akaanza kuyaondoa mwenyewe, tawi moja moja. Nilijua ni kwa nini. Ncha ya ulimi wa pawa, ule upanga unaozungukwa na cheni, ikigusa kitu kilichojificha, mashine nzima inaruka kurudi kwa aliyeishika. Lakini wanawake walikuwa wanangoja, sufuria zilikuwa zinangoja, na baba mdogo Wabwile alikuwa amesimama na fimbo yake akiangalia mkwe anayepanga takataka.

"Huyu ameitwa kufagia?" akamuuliza Tonny, kwa sauti ya kusikika.

Mukhisa akaacha. Rundo moja likabaki upande wa chini. Akavaa kofia, akateremsha wavu.

"Ai! Ngoja hapo," baba mdogo akasema. "Hiyo kitu toa. Umekuja matanga ama umekuja vita? Marehemu analala hapo ndani, wewe unasimama kwa boma lake umefunika uso kama polisi?"

"Baba, ni ya kukinga macho."

"Sisi tumekata miti tangu zamani na macho tunayo."

Wazee waliokuwa kwa hema wakaguna kukubaliana naye. Mukhisa akaniangalia. Nikakaza shuka ya mtoto mgongoni. Akaivua kofia, akaitundika kwa kigingi cha ua, akainama kuwasha pawa.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yaliharibika mara moja. Alikata vizuri. Pale gogo lilipoegemea pande zote mbili alianzia juu kidogo, kisha akamalizia kutoka chini, lisije likabana ulimi. Tonny alipojitolea kulikalia lisicheze, akamkataza, akasukuma jiwe chini yake. Vipande vikaanza kuanguka, vyekundu ndani, vinanukia dawa ya kikohozi.

Halafu mama akatokea jikoni.

Alikuwa anataka vibanzi na vile vipande vifupi vya pembeni, vinavyoshika moto haraka. Alikuja kinyumenyume, kwa vile ndivyo anavyomkaribia mkwe, uso kwa mlima, mkono mmoja ukipapasa chini nyuma yake. Mukhisa akazima.

"Mama Derrick," akaniita, macho kwa majani. "Mwambie mama arudi pale kwa migomba."

Nikaenda na mtoto mgongoni. "Mama, anasema urudi kwa migomba."

"Mwambie maji iko kwa meko na moto imelala. Nachukua mbili naenda. Mimi simsumbui, hata simuangalii."

"Hapo ndipo shida iko, mama. Angalia mashine basi."

"Niangalie mashine na yeye ndiye ameishika? Unataka watu waseme nini?"

Nikarudi. "Anasema maji iko kwa meko."

"Mwambie nitakata vifupi niviweke kando, wewe utampelekea."

Nikaenda tena. Mama akasikiliza, akaokota vitatu hata hivyo, akaondoka. Mukhisa akawasha. Hata hajafika katikati ya gogo, mama huyo tena, kinyumenyume. Akazima.

"Ai bana!" Tonny akapiga kofi. "Mulamwa, hii si pawa, hii ni taa ya barabarani!"

Watu wakacheka, matanga yakachangamka kidogo. Baba mdogo hakucheka. "Nasambu," akaniita kwa jina langu la nyumbani, "mwambie bwanako wageni wa Kitale wanafika saa hizi na hakuna chai. Ati mtu mzima anaogopa mashine yake mwenyewe."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Alikuwa hapo hapo, amesikia. Nikamwona anapangusa mikono kwa jinzi, anaipangusa tena, na nilimjua mume wangu. Alikuwa ananawa bila maji.

Niliwaambia wanawake mimi mwenyewe. Nilisema, "Ngojeni kwa migomba wote, dakika kidogo tu, amalize!" Wanawake wawili wakarudi nyuma, mmoja akasema, "Huyu amekuwa mtu wa mjini, anatuamrisha." Nikaenda kumshika mama mkono nimpeleke jikoni kabisa, akanyakua mkono wake. "Usinivute mbele ya wakwe."

Maneno yakamshinda Mukhisa, akawasha na safari hii akakata bila kuzima. Nilikuwa nimeanza kwenda jikoni mwenyewe, nikitafuta mtu mwingine mwenye uzito wa kumwambia mama, wakati mama alipita nyuma yangu na kurudi pale. Sikumwona. Mukhisa ndiye alimwona, mgongo wake, kitambaa chake cha kichwa, karibu sana, na anaanza kugeuka na mzigo mikononi. Wangekutana uso kwa uso. Na mume wangu, aliyefunzwa na Gachanja kuzima kwanza, alifunzwa na mamake mzazi kitu kingine kabla ya hapo. Akageuza uso.

Kichwa kikigeuka, bega linafuata. Ncha ya ulimi ikazama kwa lile rundo la matawi upande wa chini.

Nilisikia mlio ukibadilika. Nilipogeuka, pawa ilikuwa imeruka juu, ikapiga hewa, ikarudi kwa paja lake. Breki ilishika, nashukuru ilishika, lakini ilikuwa imeshapitia jinzi ya kwanza na ya pili. Akaketi chini polepole kama mtu aliyechoka. Akaisukuma mashine mbali naye. Damu ikaanza kutoka kati ya vidole vyake.

Watu wakapiga kelele. Tonny akasimama na muwa mdomoni. Baba mdogo akasema "Jamani, jamani," akizungusha fimbo. Mtoto mgongoni akaanza kulia.

Mama alitupa kuni. Akavua kitambaa cha kichwa, mbele ya wazee wote kichwa chake cheupe kikabaki wazi, akapiga magoti, akakikunja akakiweka juu ya kidonda na kukikandamiza kwa viganja viwili, na uzito wake wote juu.

"Mama," Mukhisa akasema, akijaribu kuondoa mguu, "mama, hapana."

"Nyamaza," mama akamwambia.

Hilo ndilo neno la kwanza kuwahi kupita kati yao bila mimi.

Pick-up iliyoleta viti vya kukodi ilikuwa bado iko langoni. Tukampakia nyuma. Mama hakuachilia. Alipanda naye, mguu wa mkwe juu ya mapaja yake, viganja pale pale, na barabara ile yote ya mashimo mpaka Bungoma mjini hakubadilisha mkono hata uliposhikwa na ganzi. Mukhisa alifumba macho. Sijui kama ni maumivu ama ni adabu. Mimi niliangalia kitambaa tu, kama kinazidi kulowa ama kimesimama, na kwa kila shimo nilimwomba Mungu aniachie huo mguu, maana mtu wa pawa bila mguu ni nini, na sisi watatu kwa kile chumba tutakula nini.

Hospitalini wakamshona. Daktari kijana akauliza nani alikandamiza. Nikamwonyesha mama aliyeketi nje kwa benchi akiwa ameficha kichwa kwa shuka ya mtoto. "Mfupa haujaguswa," akasema. "Nguo mbili zilisaidia, na huyo mama alisaidia. Lakini huu mguu usiukanyagie wiki kadhaa."

Walimlaza mpaka kesho yake. Asubuhi simu ya mama ikalia, nikaipokea mimi. Alikuwa baba mdogo. Nilifikiri anauliza mgonjwa.

"Ameamka? Sawa. Sasa sikiliza. Wazee wameketi. Mama yako ameshika paja ya mkwe, na kichwa wazi. Hiyo si maneno ya kuacha hivyo. Itatafutwa kondoo ya kuwatakasa."

"Baba mdogo, mguu umeshonwa."

"Mguu ni ya daktari. Mimi naongea ya boma."

Niliomba aseme kitu kimoja tu kuhusu lile gogo, watu wakae mbali nalo, matawi yatolewe. Akasema hilo ni jambo dogo na amelimaliza. Simu ikakatika.

Mwenye pick-up alikuwa anarudi na viti vingine, akatubeba. Mukhisa aliketi mbele na mguu ameunyoosha, mama na mimi nyuma. Hatukuwa tumefika langoni. Tulipopinda tu pale kwa kisima, nikasikia.

Pawa ilikuwa inalia.

Dereva akasimama mahali ua umebomoka, na tukaona vizuri. Tonny amevaa patipati, vidole nje. Hana gambuti, hana kofia, shati limefunguliwa linapepea. Mtu mmoja amekalia gogo lisicheze. Wanawake wamezunguka na karai zao, wanaokota kabla kipande hakijatua. Damu ya mume wangu ilikuwa bado iko kwa vumbi la mbao, imegeuka nyeusi, na wanaikanyaga. Hivi ndivyo baba mdogo alivyolimaliza.

Nilipiga mayowe. Nani angenisikia? Nikamfungua Derrick mgongoni nimpe mama nikimbie, lakini mama alikuwa ameshashuka, anaelekea pale moja kwa moja, akimjia Tonny kutoka nyuma.

Mukhisa akafungua mlango wa gari. Nilijua atanitafuta kwa macho, kama kawaida, aseme mwambie mama. Hakunitafuta.

"Mama!" akaita kwa sauti yote aliyobaki nayo. "Usimtokee nyuma! Akishtuka atageuka nayo! Zunguka, mpitie mbele, usimame mbali akuone!"

Mama akasimama. Akageuka akamwangalia mkwe wake usoni, labda apime kama anajua anachosema. Kisha akazunguka. Ule mzunguko wote, kando ya migomba, nyuma ya hema, mbele ya wazee wenye kondoo wao, akafika upande wa pili na kusimama mbali, mbali kabisa kuliko migomba. Akainua mikono yote miwili, na shuka ya mtoto ikadondoka kutoka kwa kichwa chake. Hakusogea. Akangoja Tonny ainue macho.

Tonny akainua. Akazima. Sasa ukaweza kusikia sufuria za jikoni.

"Weka chini," mama akasema. "Chini, si kwa mguu. Na wewe shuka kwa hiyo gogo."

"Mama, imebaki vipande viwili tu," Tonny akasema.

"Nimesema weka."

Baba mdogo akaja na fimbo. "Bilha, wewe kwanza wazee wana maneno na wewe. Na pili, chai ya watu itapikwa na nini?"

"Leteni kondoo," mama akamjibu. "Hata mbili. Shoka iko kwa nyumba yako, Wabwile. Mikono unayo, na macho ulisema unayo."

Nikaenda nikachukua pawa, nzito kuliko nilivyofikiri, bado moto, nikaibeba mpaka kwa gari. Mukhisa akaipokea, akachungulia cheni, akaona vile imelegea na vile imeuma udongo. Akaiweka kati ya miguu yake, akafunga mlango, akaegemea kiti akafumba macho.

Gogo lilibaki hapo. Wanaume walilipasua kwa shoka, kwa zamu, wakinung'unika, na siku ya kumzika kuka chai ilichelewa sana. Niliyasikia malalamiko yote nikigawa vikombe. Wengine walisema ni mkwe wa Kitale aliyeharibu matanga na uoga wake. Wengine walikuwa bado wanajadili kondoo ni wa rangi gani. Nilingoja hata mtu mmoja tu aniulize bwanako anaendeleaje na mguu. Nikagawa mpaka birika likaisha.